Safari ya Chumvi Mto Kilombero

Kumtazama Mjomba akifunga mizigo kulikuwa kunachosha. Chumvi iliingia kwenye mifuko ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, midomo ikakazwa kwa mpira wa baiskeli. Furushi la nyavu likafungwa kamba ndefu, na mwisho wa kamba dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa hasa. Nikamwuliza dumu la nini.

"Tukipinduka nyavu zinazama, dumu linaelea. Tutarudi tulifuate."

"Na chumvi?"

"Hiyo watakula samaki."

Nilikuwa Ifakara nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, kazi sina. Yeye alikuwa anapeleka chumvi na nyavu kambini kwa wavuvi, upande mto unakotoka, arudi na kambale waliobanikwa. Daraja la Kilombero lilikuwa bado. Magari ya Mahenge yalivuka kwa kivuko. Sisi tulisukuma mtumbwi wetu kando kidogo ya hapo, jua likiwa limeshapanda. Nilidhani tungetoka alfajiri. Mjomba hakutaka. Usiku viboko hutoka kwenda kula majani nchi kavu, na alfajiri ndipo wanaporudi majini. Alitaka wawe wamerudi wote, wametulia.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa gogo moja la mvule, la zamani, lenye ufa ubavuni uliozibwa kwa kipande cha mpira wa tairi na bati juu yake, misumari imepigwa karibu karibu. Bado ulivuja. Kazi yangu ilikuwa upo: dumu lililokatwa nusu, nakaa chini kabisa katikati, nafua maji. Kukaa juu ya gunia nilikatazwa. Mtumbwi wa gogo hauna mkuku, ule uti wa chini. Uzito ukipanda juu, unayumba hata mtu akikohoa. Anayeruhusiwa kusimama ni mmoja tu, mwenye pondo, mti mrefu wa kusukumia, naye alikuwa Mjomba mwenyewe, nyuma. Mbele alikaa kijana wake na kafi, kasia fupi la mkono.

Tulivaa maboya, yale ya rangi ya machungwa. Pale kivukoni wenzake walimtania: Mndamba gani huyo, mtu wa mto huu, anavaa boya? Hakujibu, akaendelea kufunga vifungo vyake, kisha akaja akakagua vyangu.

Kuupanda mto wakati wa kiangazi ni kuukwepa mto. Kwenye kila kona maji yenye nguvu na kina yapo upande wa nje. Sisi tulishika upande wa ndani, kwenye maji ya magotini, pondo likigusa mchanga. Mjomba alilisukuma kwa mikono inayopanda mmoja juu ya mwingine mpaka akafika ncha, akalichomoa, akaanza tena. Likinasa kwenye tope aliliachia papo hapo, kijana akarudisha mtumbwi kwa kafi wakalichukua. Anayeling'ang'ania pondo hubaki nalo mtoni, mtumbwi ukaenda zake. Niliwahi kuona hivyo pale kivukoni na watu walicheka siku nzima.

Upande wa kulia milima ya Udzungwa ilitusindikiza. Bonde lile limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu mwaka 2002, na wageni huja kumtazama sheshe, swala wa bondeni. Sisi tulikuwa tunatazama masikio ya viboko.

Tuliyaona adhuhuri, kwenye kona yenye kidimbwi kirefu. Mjomba alishusha pondo akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi la akiba: ko, ko, ko. Kiboko akisikia huinua kichwa kuangalia, na hapo unajua yuko wapi. Vichwa vikatoka, vitano, kimoja kidogo. Vikazama. Akangoja, akagonga tena. Vikatoka vinne, na kile kidogo kimo.

"Mama yake yuko wapi?" kijana akauliza.

Mjomba hakujibu. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5, na haogelei sana, anatembea juu ya sakafu ya mto. Kinachomtaja ni mapovu. Niliyaona kabla sijaelewa ni nini: mstari wa mapovu madogo, umenyooka, unakuja upande wetu bila haraka. Pondo likazama mara mbili, gubeti, ncha ya mbele ya mtumbwi, likapanda mchangani, na nikamsikia Mjomba, "Shuka! Mjomba, shuka, acha upo!" Tukashuka, tukauvuta mtumbwi kwa kamba ya mbele mpaka wote ukawa nchi kavu. Jike akaibuka palepale tulipokuwa tumeelea, zaidi ya tani moja ya nyama, akafungua mdomo, akatoa mkoromo niliousikia kifuani kuliko masikioni. Kisha akageuka kwa mtoto wake.

Kupita ilikuwa haiwezekani. Mto ulijikunja pale, na katikati ya mkunjo kulikuwa na shingo ya nchi iliyokatwa na njia ya viboko wenyewe, pana, laini, imechimbika kwa miaka ya kwato. Mjomba akatazama jua, akasema tupite humo. Mchana njia ile haina mwenyewe. Jioni, hata kama umefika katikati ya shingo, ungeacha mzigo ukimbie. Tulibeba chumvi kwanza. Kisha tukakata matete, tukayatandaza, tukayamwagia maji, tukaukokota mtumbwi juu yake, na matete ya nyuma tukayahamishia mbele. Bati la ule ufa liling'oka nusu. Upande wa pili hakuna aliyesimama majini, kwa ajili ya mamba: mtumbwi ulishushwa nusu, tukapakia tukiwa mchangani, tukaingia kwa nyuma, pondo likatusukuma.

Kambini tulifika jua linazama. Mzee mmoja akapokea shikamoo zetu, akauliza mbona tumechelewa.

"Kuna mwenye mtoto pale kwenye kona ya kidimbwi."

"Upande gani?"

"Wa ndani kabisa. Anafuata mtumbwi."

Wavuvi waliokuwa wamepanga kuteremka kesho yake wakaanza kubishana kama mkono mdogo wa mto bado una maji ya kutosha. Mjomba akaomba nyundo na misumari.