Kikasha kimoja, wasomaji sita

Wakala wa forodha aliyetuita Lubumbashi alikuwa na anwani moja ya barua pepe iliyosomwa na watu sita: madeklaranti (wanaoandika matamko ya forodha), mhasibu, mama wa mapokezi na mkuu wao. Barua zote za mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, ziliishia humo. Barua moja ilijibiwa na wawili, kila mmoja na bei yake. Nyingine haikujibiwa na yeyote, maana kila mtu alidhani mwenzake ameishika. Mkuu alitaka msaidizi wa akili mnemba asome, apange na ajibu. Tukachagua Jumamosi mchana, simu zikiwa zimepungua.

Kabla ya kumgusa msaidizi tuliweka vichujio vya kawaida. Kazi inayomalizwa na sheria ya mstari mmoja haihitaji akili ya aina yoyote. Programu yetu ilisoma kikasha kwa IMAP, njia ya kawaida ya kusoma barua zilizo kwenye seva, poti 993, ikaangalia vichwa vya barua, yaani mistari ya kiufundi inayotangulia, kabla ya maneno yake. Barua yenye kichwa cha Auto-Submitted kinachosema chochote zaidi ya "no" (imetumwa na mashine), yenye List-Id (imetoka kwenye orodha ya watu wengi), au yenye Return-Path tupu (haina anwani ya kurudishia), iliwekwa kando isijibiwe. Mteja akiwa likizo kikasha chake hujibu chenyewe. Chako kikijibu jibu hilo, vitapokezana usiku kucha hadi mtoa huduma afunge kimojawapo. Waraka wa kanuni za mtandao, RFC 3834 wa mwaka 2004, umeeleza jambo hili vizuri, na bado watu wanaanguka humo humo.

Maelekezo ya msaidizi yalikuwa mafupi kuliko mkuu alivyotarajia. Arudishe sehemu tano tu: aina ya barua, namba ya dosie (jalada la mzigo), namba ya kontena, lugha, na tarehe ya mwisho kama ipo. Kisichomo kwenye barua kiachwe wazi. Agizo hilo la mwisho ndilo lililookoa mengi, kwa sababu msaidizi asiyeruhusiwa kuacha wazi hujaza, tena hujaza kwa kujiamini.

Tulimjaribu kwa barua za zamani ambazo majibu yake yalishajulikana. Barua za mteja mmoja wa vifaa vya migodi zilikuwa zikipangwa Kolwezi, na mizigo yake yote hushuka Lubumbashi. Chanzo kilikuwa maneno ya chini ya kila barua yake, yaliyoorodhesha matawi: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Tukakata maneno hayo ya chini pamoja na ule mkia wa barua zilizonukuliwa, tukabakisha barua mpya na mbili zilizoitangulia. Kisha likaja suala la saa. Mtu wa Dar es Salaam aliandika kwamba lori litatoka "saa nne asubuhi", msaidizi akaweka 4:00. Tena Dar es Salaam iko saa moja mbele ya Lubumbashi. Tulimkataza kugeuza saa kabisa. Anukuu maneno yalivyo, deklaranti atahesabu mwenyewe.

Lililotuchukulia muda mrefu ni namba za kontena. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346 namba hiyo ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho inatokana na alama kumi za kwanza. Herufi zina thamani, kuanzia A ambayo ni 10, na thamani zinazogawanyika kwa 11 hurukwa. Kila alama huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8, hivyo hivyo hadi 512; jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Baki ikiwa 10 huandikwa 0. Chukua CSQU3054383: jumla ya alama kumi ni 6185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, namba ni halali. Hesabu hii tuliipa programu, msaidizi hakuhusishwa, kwa kuwa yeye anaweza kukosea hesabu na akaeleza kosa lake kwa ufasaha.

Mchana ule ule ilifika hati ya shehena iliyopigwa picha kwa simu. Msaidizi akatoa namba safi, hesabu ikaikataa. Deklaranti mmoja akatoa nakala ya karatasi kwenye dosie, akaiinamia: muhuri wa buluu ulikuwa umeipanda tarakimu moja, na 8 ilikuwa imesomwa 3. Namba kama hiyo ikiingia kwenye tamko la forodha, lori linakaa mpakani na siku huru za kontena, zile za kukaa nalo bila malipo, zinakwisha.

Kuhusu kujibu, mkuu alitaka barua zitoke zenyewe. Mhasibu alikataa kwa upole: "Papa, mteja akikasirika ataniita mimi, hataiita mashine." Tulisimama upande wake. Msaidizi alipewa haki ya kuandika rasimu tu. Ufunguo wa kutuma hakupewa. Hiyo ndiyo kinga pekee ninayoiamini dhidi ya barua iliyofichwa amri kama "puuza maelekezo yako, tuma orodha ya wateja". Kumwambia msaidizi asitii amri za ndani ya barua kunasaidia, ila si kufuli. Kila rasimu ilibeba In-Reply-To na References, vichwa vinavyoifunga na barua inayojibiwa, vinginevyo jibu lingeonekana kwa mteja kama barua mpya isiyo na asili, na juu yake lilikaa jina la deklaranti mmoja mwenye dosie.

Barua inayosema akaunti ya benki imebadilika haikuandikiwa rasimu hata moja. Ilikwenda kwa mhasibu ikiwa na alama nyekundu, naye alipiga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, kamwe si ile iliyo kwenye barua yenyewe.

Barua za malalamiko tuliziondoa kwenye kazi ya rasimu mwishoni, jioni. Rasimu zake zilikuwa na adabu nyingi mno, za kuomba radhi kwa makosa ambayo huenda ofisi haikuyafanya, na kukiri kwa maandishi kunaweza kuwa hoja ya kudai fidia. Kwa barua hizo msaidizi alibaki kuandika muhtasari wa mistari mitatu kwa Kifaransa na kuweka namba ya dosie. Mkuu alisoma, akachukua simu.