Siku yangu na wanawake waliotolewa kizazi

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka daladala Darajani, nafika kazini kwa miguu. Mie ni mtaalamu wa mazoezi tiba.

Saa 2. Wodini. Mgonjwa aliyetolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe anaogopa kukohoa, mshono usije ukafumuka. Nampa mto aukumbatie tumboni, ndipo akohoe. Namfundisha kulala ubavu kwanza kabla ya kuinuka. Kukaza misuli ya nyonga, ile inayobeba kibofu, bado, mpaka mpira wa mkojo utolewe.

Saa 4. Bi mkubwa kutoka Paje, mkulima wa mwani. Baada ya upasuaji aliambiwa apumzike, akapumzika. Misuli inayobeba kibofu hakutajiwa hata siku moja, na hilo linaniuma. Sasa akipiga chafya mkojo unamtoka. Akiinuka kutoka sijda, udhu umeshatenguka. Arusini haendi tena.

"Mwanangu, nilidhani ndio uzee."

"Si uzee, bi mkubwa. Misuli imelegea, na inafundishika."

Analala chali, magoti juu. Kaza kama unayezuia upepo usitoke, vuta ndani na juu, hesabu hadi 5, achia kabisa. Mara 10, kutwa mara 3, kwa miezi 3 au zaidi. Matako na mapaja yatulie, pumzi isibanwe. Wengi husukuma chini wakidhani wanavuta juu, ndiyo maana karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Lazima mtu afundishwe. Wala asijizoeze kwa kukata mkojo chooni, kibofu kitashindwa kumaliza.

Kisha tunarudia sijda: kaza, toa pumzi, inuka. Mara ya tatu anatabasamu.

Limebaki la mwani. Ukiwa mbichi ni mzito, na bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, haimngoji mtu. Tunakubaliana na bintiye: yeye abebe, mama akae afunge mbegu kwenye kamba.

Saa 7. Mume wa mgonjwa mwengine anauliza mkewe atateka maji lini. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki 6 za mwanzo asiiguse. Na chumbani wasubiri hadi daktari ahakikishe kidonda cha ndani kimepona. Anaitikia kwa heshima, anasema ndoo atabeba yeye.

Saa 9. Mafaili. Siku hizi kila mwanamke namuuliza kama mkojo unavuja, hata aliyekuja kwa mgongo. Leo mmoja wao amesema ndiyo. Nimempangia Jumatatu saa 2, kabla watu hawajajaa.