Tyubu ya Saba

Juzi binti yangu alikuwa na boksi la juisi mkononi, anasoma maandishi ya ubavuni kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu tangu azijue herufi. Akafika mahali akakwama.

"Mama, po-li-fe-no-li ni nini? Wameandika imejaa."

Nikamwambia asubiri nimalize kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa vikombe viwili.

Mtu angedhani mimi, kwa kazi yangu hii, ningemjibu hapo hapo. Jibu ninalo. Ni kundi kubwa la kemikali zinazotengenezwa na mimea, zinazojulikana ni zaidi ya 8,000. Ndizo ukakasi wa chai iliyokolea, ndizo uchungu wa kakao, na wekundu wa zabibu nao unatoka humo. Mtoto angeelewa. Kilichonifunga mdomo ni lile boksi, na Alhamisi moja ya zamani ambayo nilidhani nimeshaizika.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili. Msimamizi wangu alitaka kujua kama vinywaji vyenye polifenoli nyingi vinapunguza kasi ya sukari kupanda kwenye damu baada ya mlo. Kabla ya kumnywesha mtu yeyote, ilibidi tujue kila kinywaji kina kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: sampuli kumi na mbili, tyubu kumi na mbili, na kitendanishi cha Folin-Ciocalteu.

Kwa wasiokijua, kitendanishi hiki ni cha njano. Unatia sampuli kidogo, unasubiri dakika chache, unatia kaboneti ya sodiamu, unasubiri tena. Kama polifenoli zipo, njano inageuka buluu, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. Mashine inakusomea ukolezi huo kwenye mwanga wa nanomita 765, unapata namba, unaandika. Folin na Ciocalteu walikitangaza mwaka 1927, na hawakuwa na habari na matunda: walikuwa wanapima tirosini na triptofani, vijenzi viwili vya protini. Watu wa mvinyo, Singleton na Rossi, walikiboresha kwa ajili yao mwaka 1965. Ningejiuliza tu siku ile kwa nini kitu kilichobuniwa kwa ajili ya protini kinakubali pia zabibu, pengine nisingekuwa na la kusimulia.

Tyubu ya sita ilikuwa juisi ya komamanga tuliyokamua wenyewe. Ya saba ilikuwa komamanga ya boksi. Alhamisi jioni ile ya saba ilitoka na buluu nzito kama wino, namba yake karibu mara mbili ya ya sita. Msimamizi alikuwa ameshaondoka. Furaha haikai peke yake, nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Nikamweleza yote, kwa haraka, na maneno makubwa nikayaacha. Baba alikuwa na kisukari mwaka wa sita huo, na kwa miaka sita alikuwa akisikia habari za kuacha hiki na kupunguza kile. Leo binti yake anampigia kumwambia kuna kitu cha kuongeza.

"Hiyo ya boksi?"

"Hiyo hiyo."

"Kumbe dawa tamu zipo," akasema, akacheka. Nami nikacheka.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilirudia kipimo. Shaka sikuwa nayo, nilitaka tu picha nzuri ya kumwonyesha msimamizi. Nikapanga tyubu kwenye kishikio, nikatia sampuli, nikatia kitendanishi, nikaanza kuhesabu dakika. Nyuma yangu alisimama dada mmoja wa maabara ya jirani ambaye kila siku tuligombania ile mashine. Alikuwa na mafua, anavuta makamasi, anangoja niondoke.

"Hiyo mbona imeshageuka?"

Nikatazama. Zile nyingine zote zilikuwa bado njano, njano ya mkojo wa asubuhi. Ya saba ilikuwa kijani, ile njano imeanza kumezwa na buluu kutoka ndani. Na kaboneti ilikuwa bado kwenye chupa yake, kifuniko sijakigusa.

"Ina nguvu," nikasema.

"Nguvu gani? Polifenoli si zinasubiri kaboneti?"

Hapa niseme ukweli. Kijani kile nilikiona na Alhamisi. Nilikiona, nikakifurahia, nikakichukulia kama haraka ya mgeni mwenye hamu ya kuingia ndani.

Dada yule hakusema zaidi. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake akatoa vidonge vya vitamini C alivyokuwa anatafuna kwa ajili ya mafua. (Ndiyo, sheria za maabara tunazijua sote.) Akavunja kimoja, akayeyusha nusu kwenye maji. Akachukua tyubu safi, ndani maji na kitendanishi tu, hakuna tunda wala jani, akadondosha tone moja. Naliona tone lile hadi leo. Lilizama taratibu likiacha uzi nyuma yake, kama moshi wa ubani, na uzi ule ulikuwa kijani, halafu buluu, na kabla haujafika chini tyubu nzima ilikuwa inageuka.

Akapiga chafya. "Mimi nangoja mashine," akasema.

Boksi tulilikuta kwenye pipa la taka. Kwenye orodha ya viambato, karibu na mwisho, kwa herufi ndogo kama miguu ya siafu: asidi askobiki. Ni vitamini C hiyo, huongezwa ili juisi isiharibike rangi. Kitendanishi cha Folin hakimjui polifenoli kwa sura. Chochote chenye elektroni za kugawa kinapokelewa, na vitamini C hata haingoji kaboneti, inagawa pale pale.

Yaliyofuata niyapitie haraka. Msimamizi hakunigombeza, alinyamaza, na kunyamaza kwake mnakujua. Tukaanza upya kwa njia inayotenganisha kemikali moja moja. Mwaka 2012 Idara ya Kilimo ya Marekani ikaiondoa orodha yake maarufu iliyopanga vyakula kwa nguvu ya kuzuia oksidisho, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni, ndani ya tyubu, kwa kuwa nguvu ya kwenye tyubu haikusema lolote la uhakika kuhusu mwili. Nikaisoma habari hiyo huku nimekunja miguu kitini. Sehemu kubwa ya polifenoli haiingii hata kwenye damu, inateremka hadi utumbo mpana na bakteria wanaivunja. Zile za komamanga huko hugeuzwa urolithini, na wako watu ambao bakteria wao hawaijui kazi hiyo kabisa. Kwa hiyo watu wawili wanakunywa glasi moja, kila mmoja anapata kitu chake. Lakini siwezi kusema zote ni porojo. Kwenye utafiti wa COSMOS wa Marekani, watu 21,442 walipewa vidonge vya dondoo la kakao au vidonge bandia, na majibu ya mwaka 2022 yakaonyesha jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikupungua kiasi cha kuthibitisha chochote, ila vifo vya magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27. Ukiniuliza maana yake, nitaosha vyombo.

Lakini Ijumaa ile. Nilimpigia baba saa sita mchana. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kipima sukari kimesoma 14 asubuhi, juu mno.

"Nadhani ni chakula cha jana, nilizidisha."

"Na juisi, baba?"

"Glasi mbili tu, kabla ya kulala. Kama ulivyosema."

Sikusema mbili. Sikusema idadi yoyote, na hilo ndilo kosa. Glasi ya mililita 250 ina sukari gramu 30 hivi. Hospitali wakitaka kuona mwili wako unavyoimudu sukari, wanakunywesha gramu 75 za glukosi na muuguzi anakuchungulia kwa muda wa saa mbili. Baba alijipa 60, usiku, akazima taa.

Nikamwambia aache, tumekosea kipimo. *Tumekosea*, kana kwamba tulikuwa wengi. Akasema sawa, daktari wangu, na akarudia tena kwamba ni chakula. Nikamwacha aamini. Mtu mmoja, kipimo kimoja, hakuna cha kulinganishia: kisayansi huwezi kusema ni juisi. Sentensi hiyo nimeiandika kwenye ripoti nyingi tangu wakati ule, na haijawahi kunifaa kama ilivyonifaa siku hiyo.

Vikombe vikaisha. Nikakaa karibu na mtoto, nikamwomba lile boksi, macho yakaenda moja kwa moja kwenye viambato.

"Mama, nimekuuliza."

"Ngoja nisome."

"Basi nampigia babu. Yeye anajua."

Nikafuta mikono, nikampa simu, nikasimama mlangoni nisikie atajibiwa nini.