Nilivyomnasa mzimaji wa seva ya shangazi

Shangazi ana duka la steshenari Morogoro na seva yake niliifunga mimi: laptopu chakavu niliyouziwa na rafiki kwa laki moja na ushee, nikaipiga Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) na kuiweka juu ya kabati la karatasi. Inapokea mafaili ya wateja na kuyapeleka kwenye printa. Miezi miwili shwari. Baada ya hapo ikawa kila asubuhi simu inalia nikiwa kazini: "Kaka, mtandao wa seva umekata tena." Kijana wa dukani anaizima, anaiwasha, inafanya kazi, kesho yake yaleyale.

Mimi ningeweza kuingia kwa SSH (njia ya kuendesha mashine ukiwa mbali) jioni nikasoma logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea ndani ya seva. Lakini nilitaka kijana aweze kuzisoma mwenyewe palepale, kwenye simu yake, bila kumpa paswedi ya seva.

Nikauliza watu. Mmoja, kwa kujiamini kweli, akaniambia "weka tu /var/log/syslog kwenye wavuti." Faili lenyewe halipo! Debian 12 haiji tena na rsyslog, programu iliyokuwa inaliandika; kila kitu kiko kwenye jonali (daftari la logi) ya systemd, programu inayoendesha huduma za mashine. Mwingine akasema nisimame ndani ya /var/log/journal nipige python3 -m http.server, amri inayoyaweka mafaili ya humo kwenye wavuti. Nilijaribu, aibu yangu. Kijana alibofya, simu ikashusha faili zito, akalifungua akakuta vimiraba na herufi za ajabu. "Kaka, hiki Kichina?" Jonali ni faili la mashine, halisomeki hivihivi.

Dawa ilikuwa humohumo ndani ya systemd, ila imejificha kwenye pakeji yenye jina la kitu kingine: systemd-journal-remote. Ukishaisakinisha, unawasha soketi yake (sehemu inayosubiri maombi ya mtandao):

sudo systemctl enable --now systemd-journal-gatewayd.socket

Basi. Seva ndogo ya wavuti inasikiliza poti 19531. Fungua anwani ya mashine, ongeza :19531/browse, na logi zote ziko mbele yako, ukibonyeza mstari unapata mpaka namba ya mchakato ulioandika. Nilijiona fundi.

Ufundi ukadumu siku mbili. Jioni moja nilikuwa naingia kwa SSH kupitia simu, kwa haraka zangu nikaandika paswedi kwenye nafasi ya jina la mtumiaji. Nikacheka, nikarudia. Kesho yake niko dukani nampa kijana somo la kusoma logi, tunateremka pamoja, na hapo hapo: "Invalid user", ikifuatiwa na paswedi yangu nzima, herufi kwa herufi, yenye jina la mchumba wangu wa zamani na mwaka. Kijana akaangalia pembeni kwa adabu. Mbaya zaidi, wateja wote wanaokuja kuprinti wanatumia Wi-Fi ileile, na ukurasa ule hauulizi mtu wewe nani. Mwanafunzi yeyote mdadisi angeweza kuusoma. Paswedi nilibadilisha nimesimama palepale.

Kama una wateja kwenye mtandao wako, usiuache wazi. Unaweza kuuwekea vyeti vya TLS (vya kusimba mawasiliano) na kudai cheti cha mteja pia, lakini kwa duka la steshenari niliona ni kuua sisimizi kwa nyundo. Niliipa simu ya kijana anwani ya kudumu kwenye ruta, na ufw (ukuta-moto wa mashine) ikaruhusu anwani hiyo peke yake kwenye poti 19531.

Sasa ujanja wangu niliojivunia. Logi ni nyingi, kijana atapotea, kwa hiyo nikamtengenezea kiungo cha makosa tu: /entries?PRIORITY=2&PRIORITY=3, namba zikiwa daraja la uzito, ndogo ndiyo nzito. (Lazima uzitaje zote unazozitaka. Ukiandika 3 inaleta 3 tu, si kama amri ya journalctl -p, inayoleta na yaliyo mazito zaidi.) Kila asubuhi ananitumia picha ya skrini WhatsApp, na kila asubuhi ni makosa ya kadi ya Wi-Fi. Nikaitukana kadi, nikanunua ya USB, elfu ishirini hivi. Kesho yake: "Kaka, imekata."

Jumamosi nikaenda mwenyewe, nikaachana na kichujio, nikafungua logi nzima ya usiku. Saa 21:14, mstari wa systemd-logind: "Lid closed." Usiku wa nyuma yake, 21:09. Wa nyuma zaidi, 21:20. Kifuniko kimefungwa, laptopu imelala, asubuhi ikiamshwa Wi-Fi inaamka na kizunguzungu. Na mstari huo ni wa daraja la 6, taarifa ya kawaida. Kichujio changu cha kifundi kilikuwa kinautupa kila siku.

"Shikamoo shangazi. Usiku ukifunga duka, ile laptopu huwa unaifanyaje?"

"Marahaba baba. Naifunika, vumbi lisiingie. Asubuhi naifunua. Kwani vibaya?"

Nikaandika HandleLidSwitch=ignore (kifuniko kikifungwa, puuza) kwenye /etc/systemd/logind.conf, nikaiwasha upya. Shangazi anaendelea kuifunika kila usiku, na juu yake sasa ameongeza kitambaa cha kufuma. Ile kadi ya USB ipo droo ya pili, anayeihitaji aje.