Nyaya za meno za binti yangu: nilivyoweka akiba kwa kufuata giza

Jana binti yangu amefungwa nyaya za meno, namshukuru Mungu! Ninauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kibubu nilikivunja ada ilipofika. Mchezo wa kuchangiana kila mwezi ukanishinda, maana tarehe ya kuchanga iliangukia mbalamwezi, wakati dagaa ni haba na mfuko mtupu.

Nikaacha kalenda. Nikaweka siku za giza tu, usiku usipokuwa na mbalamwezi na dagaa ni wengi, kila jioni kabla ya kununua hata sukari. Kianzio kilipotimia, nikamwomba daktari salio nilipe kidogo kidogo kila anapokaza nyaya. Miadi ni kila wiki nne hivi, karibu sawa na mzunguko wa mwezi, basi tumeipanga giza linapoisha. Fungu la kishikizo, kile cha kuvaa meno yasisogee nyaya zikishatolewa, nimelitenga pia. Bila hicho meno hurudi yalikotoka.