Gita lilinguruma, nikabadilisha kila kitu isipokuwa tatizo

Gita langu la umeme, nakala ya Stratocaster (modeli maarufu ya Fender), lilinguruma kila nikiwasha ampu, yaani kikuza sauti chake. Nikaanza na pikapu (si gari, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi). Zikaja mpya kwa treni kutoka Dar. Ngurumo palepale. Nikanunua jeki (tundu la kuchomekea kebo), swichi, kebo. Mke wangu akauliza kama nalijenga upya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta na shingo nyingine, Mungu anisamehe.

Mwishowe nikalipeleka kwa mzee mmoja, fundi redio wa hapa Mwanga, Kigoma. Hakufungua kitu. Akagusa chuma cha jeki, kelele ikapungua. Akagusa nyuzi, ikabaki ileile.

"Mwanangu, nyuzi zako hazina ethi." Yaani hazijaungwa na waya wa ardhi.

Tukafungua kifuniko cha nyuma. Kweli, waya mwembamba unaofika kwenye springi za daraja (sehemu zinapofungwa nyuzi) ulikuwa umeachia. Tone moja la risasi ya kulehemu, dakika tano, kwisha.

Nikiachia nyuzi bado kuna mvumo kidogo. Pikapu za koili moja ndivyo zilivyo. Zile za zamani nimezirudisha. Mpya nauza, mwenye kuzihitaji aseme.