Kisutu si rangi ya machungwa

Kuna preseti moja, yani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari unaibandika tu kwenye picha, imewashika wapiga picha wa mtaani hapa Mombasa, ile ya vivuli vya kijani-bluu na ngozi za machungwa, na jamani mie imenichosha. Si kwamba ni mbaya, ila haijui iko wapi. Kazi yake ni kusukuma kila nyekundu iwe machungwa na kila bluu iwe kijani, basi. Sasa chukua picha ya mama anapita barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, amejitanda kisutu, ile leso nyekundu nyeusi na nyeupe, yani mtu wa pwani akiiona tu harusi imeshamjia kichwani, halafu wewe umeigeuza machungwa. Hiyo si kisutu tena ni kitambaa tu. Na zile kuta za mjini, tangu 2018 kaunti ilipoagiza majengo yapakwe nyeupe na mistari ya bluu, bluu ile ndo imekuwa Mombasa yenyewe, ukiipitisha kwa preseti inatoka kijani kama ukuta wa wodi.

Mie sipingi kuediti, naediti sana tu. Wale wa "mimi picha yangu haijaguswa" huwa nawacheka, maana simu imeshaguza kabla hujaiona, imeng'arisha vivuli imekaza rangi imelainisha ngozi bila kukuuliza. Ndo maana napiga RAW, faili ghafi ambayo simu haijaipamba, nijiamulie mwenyewe. Kitu cha kwanza ni weupe, yani kuionyesha programu kitu kisichoegemea rangi yoyote ipange zingine kwa hicho, na hapa kuna mtego, usishike kanzu ya mtu ukasema hii ndo nyeupe yangu, kanzu nyingi zimefuliwa na bluu, kwa hivo programu itataka kuitoa hiyo bluu na picha nzima itaingia manjano. Mie hushika sakafu ya saruji, kijivu yake haina maneno.

Jua letu nalo lina tabia zake. Tuko karibu na ikweta, Machi na Oktoba linapita utosini kabisa, kwa hivo saa sita mchana mwenye kofia macho huyaoni, ni shimo jeusi. Watu hukimbilia kuvuta vivuli vyote juu mpaka uso wa mzee unaonekana amemulikwa tochi! Vuta kidogo, halafu chukua brashi ya programu upake mwangaza kwenye macho na shavu pekee, kivuli cha kofia ukiwache, jua lilikuwa kali ati. Buibui ndo kazi kweli, kontrasti, ile tofauti ya mwanga na giza, ikizidi mikunjo yote inapotea unabaki na doa jeusi linatembea. Hapo ndo napenda nyeusi na nyeupe, unapandisha mwangaza wa iliyokuwa machungwa ngozi inapata uhai, unashusha wa iliyokuwa bluu mbingu inakuwa nzito, na ile tuktuk iliyokuwa inapiga kelele pale nyuma inanyamaza.

Kukata fremu je? Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, alikuwa hataki kabisa picha yake ikatwe, lakini hata ile maarufu ya 1932, ya mtu anaruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare kule Paris, imekatwa, kwa sababu lenzi ilikuwa inachungulia kwenye uzio na ubao ukaingia pembeni. Kukata ubao mie sina neno. Lakini chukua muuza kahawa na dele lake amekunja uso, kwa fremu nzima unaona jua limempiga usoni, ukikata ule upande wa jua unabaki na mzee mwenye hasira. Hujabadilisha pikseli hata moja na umeshamsingizia mtu ambaye hata hakujua anapigwa picha.

Kufuta vitu ndo siku hizi imekuwa balaa. Nyaya za Mji wa Kale zimepita kila mahali, najua zinaudhi, lakini ukifuta waya uliopita mbele ya mlango wa nakshi, ile akili bandia inajaza na nakshi yake yenyewe, maua ambayo hakuna fundi aliyeyachonga. Bora waya. Hata wakubwa wameumbuka, 2016 picha ya Cuba ya Steve McCurry, mpiga picha maarufu wa Marekani, ilionekana kwenye maonyesho Italia, kipande cha nguzo kimehamia mguuni mwa mpita njia, ikabidi aanze kueleza kwamba yeye ni msimulizi wa hadithi kwa picha.

Na kabla hujauza hiyo picha kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura ya mtu ni data yake, ukitaka kuiweka kwenye biashara tafuta ridhaa. Kwangu hata bila biashara, mwenye sura akisema futa, nafuta.

Sai nahangaika na folda ya picha za soko la Marikiti. Wachuuzi wa nje wamejifunika turubai za bluu, mwanga ukipita pale uso wote unakuwa bluu na rangi ya manjano inageuka tope. Nikiitoa bluu yote pilipili zinarudi vizuri lakini turubai inakufa na joto la pale linaondoka nayo, kwa hivo naitoa nusu, kwa ngozi peke yake, kwa brashi, uso mmoja mmoja. Inachosha wallahi. Mwenye njia ya mkato asinifiche.